Ukilala Mweiga, usilikurupushe gari lako alfajiri

Huenda Mweiga unaijua kwa kuipita tu. Ukitoka Nyeri mjini na kushika barabara ya Nyahururu, mji huu mdogo hukujia kabla watoto hawajaanza kuuliza kama mmefika. Utaona safu za maduka, kituo cha petroli, soko, na matatu zinazoita abiria wa kurudi Nyeri. Kisha barabara hunyooka kuelekea Solio na Ngobit, na mji unabaki nyuma. Wasafiri wengi wa kutoka Nairobi huishia hapo, wakadhani wameiona Mweiga.

Lakini jaribu kulala huko, hasa kati ya Juni na Agosti, majira ambayo wenyeji huyaita gathano. Mweiga imekaa kwenye uwanda ulio baina ya milima miwili mikubwa. Upande wa magharibi kuna safu ya Nyandarua, ambayo kilele chake cha Satima hufika mita 4,001. Upande wa mashariki kuna Mlima Kenya wenyewe, mita 5,199. Usiku hewa ya juu milimani hupoa, ikawa nzito, ikateremka polepole kama maji hadi kwenye mashamba na nyua za watu. Kufikia saa kumi na moja alfajiri utaikuta imetanda juu ya kila kitu: nyasi, mabati, kamba za kuanikia nguo, na gari lako uliloliegesha nje.

Katika majira hayo mawingu hufunika milima mchana kutwa, na unaweza kukaa siku tatu bila kuuona Mlima Kenya hata ncha. Usidhani kwamba baridi ya Januari ni afadhali. Mnamo Januari na Februari anga huwa safi, na mchana jua huwaka hadi ukavua koti. Usiku ule ule usio na wingu huiacha ardhi ipoteze joto lake lote, na alfajiri yake huweza kuuma kuliko ya Julai. Ndiyo maana utawaona wazee wa huku wakiwa na koti zito hata katika mwezi ambao Mombasa watu wanalala barazani.

Sasa tuje kwa gari. Familia nyingi za mjini hufika Mweiga kwa sababu ya wanyama. Makao makuu ya Mbuga ya Aberdare yako hapa, na wageni wa hoteli ya The Ark huacha magari yao kwenye Aberdare Country Club, kisha wakapandishwa basi kuingia msituni. Huko hukesha wakiwatazama ndovu na nyati wanaokuja kulamba chumvi. Gari nalo hubaki chini, limetulia usiku kucha, halina blanketi. Asubuhi baba huja na mabegi, watoto wameshaingia nyuma, akageuza ufunguo. Injini inagumia mara mbili, mara tatu, kisha inawaka kwa kishindo. Hapo ndipo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna anayekanyaga mafuta hadi injini ilie kama ng'ombe aliyetekwa, eti ipate joto upesi. Kuna na yule anayeliacha linguruma dakika ishirini huku akinywa chai. Wote wawili wanaliumiza, ila kila mmoja kwa namna yake.

Elewa kwanza kinachotendeka ndani. Gari likizimwa, oili yote hushuka polepole na kukusanyika chini ya injini, kwenye bakuli lake. Juu, kwenye vyuma vinavyosuguana, hubaki utando mwembamba tu. Ukiliwasha, pampu inabidi iivute oili ile na kuipandisha tena. Katika joto la Mombasa jambo hilo huchukua muda mfupi sana. Katika baridi ya Mweiga oili imekuwa nzito, mfano wa asali iliyokaa kabatini, na huchukua sekunde zaidi kufika inakotakiwa. Ukikanyaga mafuta katika sekunde hizo, vyuma vinazunguka kwa kasi vikiwa karibu vikavu. Uchakavu unaotokea hapo hauonekani siku hiyo. Huonekana baada ya miaka, gari linapoanza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili, na fundi akikwambia injini imechoka.

Yule wa dakika ishirini naye ana kesi yake. Petroli baridi haigeuki kuwa mvuke kwa urahisi, kwa hiyo injini ikiwa baridi hulazimika kumiminiwa petroli nyingi kuliko kawaida ndipo iwake. Sehemu ya petroli hiyo haichomeki. Huteremka kwenye kuta za silinda, ikaosha utando wa oili, kisha ikachanganyika na oili iliyo chini na kuipunguzia nguvu. Injini isiyofanya kazi yoyote hupata joto polepole mno, hivyo kuliacha linguruma mahali pamoja ni kurefusha kile kipindi kibaya. Juu ya hayo unachoma pesa. Bei ya petroli unaijua.

Desturi hiyo ya kungojea muda mrefu haikuzuka bure. Ni urithi wa magari ya zamani yenye kabureta. Wazazi wetu waliokuwa na Datsun 1200 au Peugeot 504 walikuwa na kitufe cha choki karibu na usukani. Asubuhi walikivuta, hewa ikapunguzwa na petroli ikazidi, injini ikawaka. Baadaye walikirudisha taratibu, maana ukikirudisha upesi gari linazima, na ukikisahau plagi zinajaa masizi. Kwa gari la aina hiyo dakika mbili au tatu za kungoja zilikuwa na maana. Bado yapo machache vijijini, na anayelitunza analijua kuliko anavyomjua jirani yake.

Magari tunayoyanunua siku hizi kutoka Japani, yaani akina Vitz, Probox na Fielder, hayana kabureta. Kompyuta ndogo hupima joto la maji na la hewa, ikaamua yenyewe petroli itakayoingia. Ndiyo maana ukiliwasha asubuhi utasikia injini imepanda kasi kidogo bila wewe kugusa kitu, kisha baada ya muda ikashuka. Kwa gari kama hilo, washa, funga mkanda, hakikisha taa nyekundu ya oili imezimika, panga vioo vyako, watulize watoto. Hiyo ni nusu dakika au dakika nzima, nayo inatosha hata Mweiga. Halafu ondoka, lakini ondoka kwa adabu. Kilomita tano za mwanzo endesha kama umebeba mayai. Usivuke mizunguko 2,500 hivi kwa dakika, usipige gia kwa hasira, usimkimbize mwenye matatu aliyekupita. Injini inayofanya kazi nyepesi hupata joto upesi kuliko ile inayonguruma imesimama, na gia, magurudumu na springi navyo hulainika vikiwa mwendoni.

Utajuaje limepata joto? Kama lina sindano, ngoja ipande hadi karibu na katikati. Magari madogo mengi hayana sindano. Yana taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi na kuzimika ikishapata joto. Watu wengi wameendesha miaka mitano bila kujua kazi ya taa hiyo, pengine kwa sababu kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani tangu jalada hadi mwisho. Mwenye gari la Mweiga huanza siku yake akiitazama.

Dizeli ina mambo yake, na hapa Mweiga ndiyo inayobeba mji. Kabla jua halijachomoza kutoka nyuma ya Mlima Kenya, pikapu za maziwa zimeshaanza kuzunguka, na malori ya viazi, vitunguu na kabeji za Kieni yanajiandaa kwa safari ya mbali. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Huibana hewa kwa nguvu nyingi hadi hewa hiyo ikawa moto wa kutosha kuwasha mafuta yakirushwa ndani. Sasa vyuma vikiwa baridi, hula joto lile, na dizeli haiwaki. Ndiyo sababu injini nyingi za dizeli huwekewa vichomeo vidogo vya umeme vya kupasha chumba cha moto, ambavyo mafundi huviita hita plagi. Ukigeuza ufunguo nusu, utaona taa yenye mfano wa waya uliojikunja. Usiwashe. Ngoja izimike, ndipo umalizie. Sekunde chache hizo huokoa betri na stata.

Gari la dizeli likitoa moshi mweupe mwingi na kutetemeka asubuhi, kisha likatulia baada ya dakika moja, mara nyingi hita plagi mojawapo imekufa. Dereva wa mjini hawezi kuligundua jambo hilo Nairobi ya Machi. Hulijua akifika huku. Na kama injini yako ina taboo, iachie dakika moja ikiwa imetulia baada ya kuwasha, maana taboo huzunguka kwa kasi ya ajabu na hutegemea oili ile ile iliyochelewa kupanda.

Betri ndiyo inayoaibisha watu zaidi. Umeme wa betri hutokana na kemikali, na kemikali hufanya kazi polepole katika baridi. Wakati huo huo injini yenye oili nzito inadai nguvu zaidi ili izunguke. Kwa hiyo betri iliyokuwa ikichechemea Nairobi hulala kabisa Mweiga. Kabla ya safari mwombe fundi aipime, na uisafishe ule unga mweupe unaoota kwenye vichwa vyake. Beba nyaya za kuunganishia betri, kwa sababu hapa hutakosa msamaria mwenye pikapu, lakini huenda yeye akakosa nyaya. Ukiwasha, usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde kumi. Pumzisha stata kidogo, ujaribu tena, huku taa, redio na feni zimezimwa.

Vijana wa Mweiga watajitolea kulisukuma, na mara nyingi kwa shilingi chache na mzaha mwingi. "Mzee, wewe weka gia ya pili, hiyo kazi ingine tuachie." Wazo hilo ni zuri kwa gari la gia za mkono. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata lisukumwe hadi Nyeri, na ni vizuri useme hivyo mapema kabla hawajatoka jasho.

Kuna jambo moja ninalolisikitikia, nalo ni themostati. Hiki ni kilango kidogo kinachozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yafike kati ya nyuzi 80 na 90 hivi. Mafundi wengi wa jua kali huking'oa na kukitupa, wakimwambia mwenye gari kwamba sasa halitachemka tena. Katika joto la pwani ataona kama amepona. Akilileta gari hilo Mweiga, maji yatazunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, upepo wa Nyandarua utayapoza, na sindano haitapanda ipasavyo hata akifika Nyeri. Injini hiyo inaishi maisha yake yote katika kile kipindi kibaya cha asubuhi: inakula petroli, inaosha silinda, na hita ya ndani haitoi joto kwa mama aliyebeba mtoto kiti cha nyuma. Gari likichemka, tafuta sababu: rejeta iliyoziba, feni iliyokufa, mfuniko usiobana. Mfuniko huo hasa usiudharau. Kwenye miinuko kama hii maji ya wazi huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, na ni msukumo unaozuiwa na mfuniko ndio unaoyafanya yavumilie zaidi.

Na oili je? Ile ya 20W-50, ambayo imezoeleka sana madukani, ilifaa injini za zamani zenye nafasi pana baina ya vyuma. Tarakimu ya kwanza inakwambia jinsi oili inavyotiririka katika baridi, na ikiwa ndogo ndivyo oili inavyopanda haraka. Gari lililotengenezwa litumie 5W-30 ukilitia 20W-50 unalipa adhabu kila alfajiri ya gathano. Soma kijikaratasi kilichobandikwa chini ya boneti au kifuniko cha oili.

Baridi yetu, hata hivyo, ni ya upole ukiilinganisha na ya wengine. Ndugu zetu walioko Kanada au Uswidi hukuta magari yana waya wa umeme unaoning'inia mbele, na usiku huuchomeka ukutani kama pasi ili injini isigande. Huko dizeli yenyewe hutoa nta na kuziba chujio. Mweiga haifiki hapo. Ila ukipanda na gari hadi kituo cha Met kwenye njia ya Naro Moru, mita 3,050, au ukiingia nyika za juu za Aberdare, ambako barafu nyembamba huonekana kwenye nyasi asubuhi, hakikisha rejeta ina dawa yake, si maji ya mfereji.

Sehemu hizi zina historia ya magari kuliko wengi wajuavyo. Binti mfalme Elizabeth alikuwa Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti upande huu wa Nyandarua, usiku ambao baba yake alifariki, Februari 1952. Mwaka uliofuata yakaanzishwa mashindano ya magari ya kusherehekea kutawazwa kwake, yakaitwa Coronation Safari. Hayo ndiyo Safari Rally ya leo. Treetops ile ya kwanza iliteketezwa mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, na Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 si mbali na hapa, pembeni mwa msitu huo huo. Uzio wa umeme unaouona ukingoni mwa msitu nao una mkono wa madereva. Fedha zake zilianza kuchangwa mwaka 1989 kwa mashindano ya Rhino Charge, ambamo watu hupitisha magari yao mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Uzio ulikamilika mwaka 2009, na wakulima waliokuwa wakikesha wakifukuza ndovu kwenye mahindi wakapata usingizi.

Nirudi kwenye usingizi, maana kuna jambo linaloua. Usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa ukalipashe joto, hata kwa dakika tano, na hasa kama gereji hiyo imeungana na nyumba. Moshi wa injini baridi umejaa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikerezi koo. Ikiingia mwilini hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu haina tena nafasi ya kubeba hewa safi. Mtu huanza kuumwa na kichwa, akaona kizunguzungu, akahisi kutapika, kisha usingizi ukamchukua. Aliyelala tayari hapati hata onyo hilo. Litoe gari nje kwanza, bomba la moshi lielekee mbali na madirisha, ndipo uliwashe.

Gesi ni ile ile inayotoka kwenye jiko la makaa. Kila gathano utasoma katika magazeti habari za watu waliolala na jiko ndani ya chumba katika sehemu za baridi, wakakutwa asubuhi hawaamki. Wageni wa mjini ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu baridi inawashtua, nao wanaona vibaya kumsumbua mwenyeji kwa blanketi nyingine. Shangazi au nyanya akikuletea jiko chumbani kwa ukarimu wake, mshukuru, otea moto dirisha likiwa wazi, na kabla ya kulala mwambie, "Cucu, jiko nimelirudisha nje." Hatachukia. Ukimkuta mtu amelegea chumbani penye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa, na umkimbize hospitali hata kama ameamka na kusema yuko sawa.

Ukiwa tayari kuondoka, futa kioo chote cha mbele. Wapo wanaofuta duara dogo kama la sahani na kuendesha wakichungulia. Barabara ya Mweiga saa kumi na mbili na nusu ina watoto wa shule, boda boda zenye mitungi ya maziwa, mikokoteni na ng'ombe, na ukungu huwaficha wote. Washa taa za mbele, zikiwa zimeinamishwa. Usimwagie kioo maji ya moto, kinaweza kupasuka, tumia ya uvuguvugu au kitambaa. Pima na upepo wa magurudumu kabla ya kuondoka, kwa kuwa hewa iliyopozwa usiku hujibana, na gurudumu lililojazwa mchana wa Nairobi litaonyesha pungufu.

Kama una nafasi, usiondoke kabla ya saa mbili. Kunywa chai ya maziwa na mandazi kwenye mojawapo ya hoteli ndogo za barabarani. Kwa kawaida, ikiwa ni Januari, wakati huo milima yote miwili iko wazi, Satima upande mmoja na theluji ya Kirinyaga upande wa pili. Nunua viazi hapa hapa kama gunia litaenea kwenye buti. Kisha shika barabara ya Nyeri polepole. Kabla hujafika mjini taa ya buluu itakuwa imezimika, na watoto watakuwa wameanza kuvua sweta.